Kumsimamia mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani mpaka kidonge cha mwisho

Kama ndugu yako ameambiwa ana kifua kikuu, na mhudumu wa kliniki akaandika jina lako kwenye kadi yake kuwa wewe ndiye utakayemsimamia anywe dawa, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba, na kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba. Nimekaa na wagonjwa wa kila aina: wavuvi, wachukuzi, bibi vizee wasiotoka ukumbini, na mwanafunzi wa skuli aliyekuwa akikibana kikohozi darasani ili wenziwe wasimsikie. Kila nyumba niliyoona mgonjwa amepona vizuri, palikuwa na mtu mmoja aliyeichukua ile miezi sita ya matibabu kuwa ni yake: mke, mtoto wa kike, shemeji, pengine jirani tu. Dawa ni bure na kipimo ni bure. Mtu huyo hanunuliwi dukani wala haagizwi bohari kuu.

Kazi hii ilikotoka

Usidhani umepewa kazi ndogo ya kuhesabu vidonge. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na daktari aliyeshirikiana na Serikali kuupanga aliitwa Karel Styblo. Aliyoyasisitiza ni mambo ya kawaida kabisa: mgonjwa apimwe makohozi kwa hadubini, aandikwe kwenye daftari, dawa zisikatike, na awepo mtu wa kumwona akizimeza. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1993 kuwa kifua kikuu ni dharura ya ulimwengu mzima, na mpango uliosambazwa baadaye kwa jina la DOTS, yaani tiba ambayo mgonjwa humeza dawa mbele ya msimamizi, ulijengwa juu ya yale yaliyojaribiwa hapa kwetu. Kwa hiyo unapokaa alfajiri na kikombe cha maji mbele ya ndugu yako, unafanya jambo ambalo nchi nyingi zimejifunza kutoka Tanzania.

Na limezaa matunda. Shirika hilo linakadiria kuwa juhudi za kupambana na kifua kikuu zimeokoa maisha ya watu milioni 83 tangu mwaka 2000. Hapa Tanzania vifo vilikadiriwa kuwa 58,000 mwaka 2015. Kufika 2023 vimeshuka mpaka kiasi cha 18,400. Ulimwengu kwa jumla unakwenda polepole kuliko sisi. Kati ya 2015 na 2024 vifo vilipungua kwa asilimia 29, wakati lengo lilikuwa asilimia 75 ifikapo 2025. Mwaka 2024 watu milioni 10.7 waliugua na milioni 1.23 walifariki, na mpaka leo hakuna kijidudu kimoja cha kuambukiza kinachoua watu wengi kuliko hiki. Mimi nikizisoma hesabu hizo nafikiria majumba. Wale milioni 83 kila mmoja alikuwa na pa kulala, na wengi wao palikuwa na mtu wa kuwauliza kila siku: umekunywa?

Asipotibiwa kabisa, karibu nusu ya wagonjwa hufa. Akimaliza dozi, zaidi ya tisa katika kila kumi hapa nchini hufanikiwa. Tofauti hiyo ndiyo uliyokabidhiwa.

Wiki mbili za mwanzo

Kifua kikuu cha mapafu husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, hata akizungumza kwa nguvu, vijidudu hutoka na hubaki vikielea kwa muda mrefu katika chumba kisichopita upepo. Haviambukizi kwa kikombe, kijiko, nguo wala kupeana mikono. Nalitanguliza hili kwa sababu katika nyumba nyingi ninazoingia jambo la kwanza ninaloliona ni mgonjwa ametengewa sahani yake na jamvi lake pembeni, huku dirisha la chumba anacholala na watoto limezibwa kwa boksi. Huko ni kumwadhibu mtu na kuyaacha maradhi pale pale yalipo.

Fungua madirisha, mchana na usiku. Mwenye khofu ya mbu atumie chandarua, mwenye khofu ya wezi atie nondo. Kama chumba hakina dirisha la maana, kitanda cha mgonjwa kihamie ukumbini au barazani panapopita upepo, na kwa siku hizo za mwanzo alale peke yake ikiwezekana, mbali zaidi na watoto wadogo. Mchana akae nje chini ya mti. Akikohoa azibe mdomo kwa leso au mtandio. Makohozi ateme kwenye kopo lenye kifuniko, kisha yamwagwe chooni.

Sinia ni ile ile. Kuleni pamoja, ila tandikeni uani au barazani. Dawa zikianza kufanya kazi uambukizaji hupungua haraka, na baada ya wiki mbili hivi, kwa mgonjwa anayekunywa sawasawa na ambaye vijidudu vyake havina usugu, sehemu kubwa ya khofu hiyo imeondoka. Akirudi chumbani kwake, madirisha yabaki wazi hivyo hivyo.

Saa ya dawa

Chagueni saa moja mtakayoiweza kila siku ya Mungu. Mimi napendelea baada ya sala ya Alfajiri: tumbo tupu, nyumba imetulia, na kila mtu yupo. Lakini mvuvi wa dagaa anayelala baharini giza la mwezi hawezi hiyo, basi wekeni saa anayorudi. Saa nzuri ni ile mtakayoishika.

Miezi miwili ya mwanzo kidonge kimoja kina dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Idadi ya vidonge inafuata uzito wa mtu. Mwenye kilo 38 mpaka 54 hunywa vitatu. Vinywewe vyote kwa pamoja, kwa maji, na chai isubiri kama saa moja. Asigawe kimoja asubuhi na viwili jioni kwa kuwa vinamkinaisha. Kama kichefuchefu kinamshinda, mpe uji kidogo kabla. Dawa iliyonywewa na uji ni bora kuliko iliyotapikwa au kutupwa. Dawa za kiungulia zisinywewe pamoja na hizi, zinapunguza nguvu yake.

Kaa naye mpaka ameze, kisha utie alama kwenye kadi hapo hapo. Wengine huona haya kumtazama mtu mzima kama mtoto, na mgonjwa mwenyewe pengine akachukia, hasa akiwa ni baba au ami yako. Mwambie ukweli: vidonge ni vingi, miezi ni mirefu, na hutaki abebe mzigo huo peke yake. Kwa mzee wa kiume nimeona heshima inasaidia sana. Mjukuu anamletea maji kwa mikono miwili, anasubiri, anapokea kikombe. Hakuna aliyeamrishwa na dawa imenywewa.

Akisahau na mkakumbuka siku ile ile, anywe. Mkikumbuka kesho yake, anywe dozi ya kesho tu, asirudufu. Zikipita siku kadhaa bila dawa, usimwanzishe tena mwenyewe nyumbani. Nendeni kliniki mkaseme, hata kama mnaona aibu.

Na kabla ya siku ya kwanza kabisa umwambie kuwa mkojo wake utageuka rangi ya chungwa, pengine na machozi na jasho. Ni rifampisini hiyo, haina madhara. Nimekuta kijana ameacha dawa kwa sababu aliona mkojo akadhani ni damu, na hakuna aliyemtanguliza kwa neno moja.

Chakula, na hasa samaki

Mgonjwa ale. Hakuna miko ya ajabu. Muhogo na ndizi vinashibisha, lakini mwili uliokonda unahitaji kujengwa: kunde, choroko, mayai, samaki, maziwa, mboga za majani. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Jharkhand, India, na kutolewa mwaka 2023, uliwapa chakula cha ziada watu wanaoishi na wagonjwa, na maradhi mapya katika majumba hayo yalipungua kwa karibu asilimia 40. Kwa wagonjwa wenyewe, walioongezeka uzito mapema katika miezi miwili ya kwanza walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufa. Basi akipimwa uzito kliniki uliza kilo ngapi, na uiandike. Kilo zikipanda inaweza kuhitajika hata idadi ya vidonge ibadilishwe.

Jambo la samaki ni letu sisi watu wa pwani, na halisemwi inavyostahiki. Samaki kama jodari, sehewa na vibua, wakikaa juani au bila barafu, vijidudu vya uozo hutengeneza ndani ya nyama yao sumu ambayo kukaanga wala kuchemsha hakuiondoi. Mtu mzima wa afya mwili wake huivunja kwa kiasi. Isoniazidi inauzuia mwili usiivunje. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kula kipande ambacho wengine wote wamekula salama, na yeye dakika chache baadaye uso ukawa mwekundu na moto, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio, mwili ukawasha. Watu husema amekataliwa na dawa, au amerogwa. Mpe samaki aliyetoka baharini siku ile ile. Changu, pono na wengine wa mwambani ni salama zaidi kwake. Ng'onda na dagaa waliokaa siku nyingi awaache mpaka amalize. Ikimtokea, aende kituo cha afya akatibiwe na aseme anakunywa dawa gani, lakini asiache dozi kwa sababu hiyo.

Dalili za kutosubiri

Macho yakiwa manjano, au akitapika mfululizo na tumbo la kulia likauma, ini linaweza kuwa limeumia: usimpe dozi inayofuata, mpeleke siku ile ile. Vivyo hivyo akiona giza au ukungu, au rangi zikamchanganya. Mimi huwaonyesha kanga yenye nyekundu na kijani na kuwauliza rangi gani hii; ethambutoli ikigusa mshipa wa jicho, rangi hizo mbili ndizo hupotea mwanzo. Miguu ikichoma au kufa ganzi aseme kliniki, kuna vitamini B6 ya kuongezewa. Viungo kuuma kidogo miezi ya mwanzo ni jambo linalotokea na hutulizwa.

Wanawake walioolewa waambiwe jambo hili bila kuficha: rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Mama aliyekuwa akitegemea hivyo azungumze na muuguzi mapema. Na kila mgonjwa apimwe Ukimwi, kwa sababu wenye maradhi yote mawili wanahitaji dawa zao zipangwe pamoja, na anayekunywa dawa hizo tayari lazima aseme.

Wengine wa nyumbani

Siku ndugu yako alipoandikwa, nyumba nzima iliandikwa naye. Kila aliyelala naye chini ya paa moja aende akaulizwe na apimwe: kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda. Watoto walio chini ya miaka mitano ndio wa haraka zaidi, kwa sababu kwao maradhi hukimbia na huweza kupanda mpaka kichwani. Mtoto ambaye hana maradhi hupewa dawa ya kinga, na mzazi huuliza kwa nini anampa dawa mtoto anayecheza. Jibu ni kwamba kijidudu kinaweza kulala mwilini bila kuugua; inakadiriwa robo ya watu wote duniani wanacho, na wanaougua ni kama watano mpaka kumi katika kila mia. Mtoto mchanga yumo katika hatari kubwa kuliko hiyo. Chanjo ya BCG anayopigwa akizaliwa inamkinga na zile namna mbaya zaidi, lakini haizibi mlango wote.

Akikutwa na maradhi yenyewe, tumshukuru Mungu mambo yamebadilika. Watoto sasa wana vidonge vyao vinavyoyeyuka katika maji, vina ladha ya matunda, na mtoto ambaye maradhi yake si makali anaweza kumaliza kwa miezi minne badala ya sita. Zamani wazazi walikuwa wakisaga vidonge vya watu wazima na kukisia kwa macho.

Mwezi wa tatu

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko pote.

Mwisho wa mwezi wa pili, makohozi yakiwa safi, dawa hubadilishwa. Kutoka dawa nne zinabaki mbili, rifampisini na isoniazidi, kidonge chenyewe sura yake ni nyengine. Mgonjwa amenenepa. Halali tena na jasho. Kikohozi kimekwenda zake, watu wanamwambia umerudi. Na yeye anaona vidonge vimebadilika, anajisemea: kazi imekwisha, hivi ni vya kumalizia tu. Wanaoanguka, wengi huanguka hapa, wala si kwa sababu ya ujinga. Wana nguvu, na nguvu inaita kazi.

Mueleze kilichomo kifuani. Vijidudu vinavyozaana kwa kasi hufa mapema, ndiyo maana kikohozi kikatulia. Vipo vyengine vimelala, na dawa huviua kimoja kimoja kwa miezi. Kwa mkulima mimi husema ni ndago: umekata majani na shamba linang'ara, lakini kitunguu chake kiko chini. Akiacha sasa, vilivyobaki huamka, na vinavyoamka baada ya dawa nusunusu ndivyo vinavyojifunza kuishi na dawa. Hicho ni kifua kikuu sugu. Nacho kimepata tiba nyepesi kuliko zamani, maana tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vitupu kwa miezi sita kwa wagonjwa wengi, badala ya miaka ya sindano zilizowaacha baadhi yao viziwi. Lakini dawa zake ni kali, uangalizi ni mkubwa zaidi, na wale aliowaambukiza nao huanza na ule usugu.

Sasa kazi. Kwetu kuna mambo mawili yanayomchukua mtu: dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, na karafuu.

Mvuvi anayekwenda dago, iwe Unguja, Tanga au pwani ya Kenya, asiondoke kimyakimya. Aende kliniki kabla ya safari aseme anakwenda wapi na kwa muda gani. Atapewa dawa za kumtosha au barua ya uhamisho, ili aandikwe kituo cha kule na achukue dawa huko huko. Mhudumu hawezi kumkataza mtu kutafuta riziki, na anayetishwa ataondoka usiku. Dawa zikae katika kopo lenye kifuniko kinachobana, ndani ya mfuko wa nguo, wala si ngamani, chini ya chombo panapokusanya maji, wala juani. Wewe msimamizi huwezi kumfuata, basi muulize mwenyewe: katika chombo chenu nani unamwamini? Akikubali, mwite mtu huyo mkae watatu, mkabidhiane kadi. Simu yako iendelee kila siku saa ile ile. Nimeona kijana kamaliza dozi yake kambini, nahodha wake ndiye aliyekuwa akimwita kwa sauti anywe dawa kabla ya chombo kusukumwa majini. Kijana huyo mwanzo alikuwa akificha.

Karafuu ni karibu zaidi lakini makambi yake huhama na mtu hulala shamba. Katika miezi miwili ya mwanzo usimruhusu kupanda mkarafuu. Mtu aliyekonda kichwa humzunguka, na matawi ya mkarafuu hayana huruma. Anaweza kukaa jamvini akachambua karafuu na makonyo, apate chochote na asijione mzigo. Akishapata nguvu apande, na dawa zipande naye gari la shamba.

Ramadhani

Kila mwaka huulizwa hili. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku hizo baadaye, na kwa aliye katika miezi miwili ya mwanzo, dhaifu na anayetapika, mimi husimama na ruhusa hiyo bila kusitasita. Shida ni kwamba mtu huona haya kula mchana watu wamefunga, hivyo huacha chakula na dawa vyote pamoja. Msaidieni ale ndani kwa staha, asijiibe.

Aliyekwishapata nguvu akataka kufunga, azungumze na daktari wake kwanza, kisha saa ya dawa ihamishwe siku ya kwanza ya mwezi na ibaki hapo. Njia iliyowafaa wengi ni hii: adhana ya Magharibi ikilia afungue kwa maji na vidonge, kisha aswali, akae kidogo, ndipo aje kwenye futari. Tumbo lilikuwa tupu tayari. Daku ni saa ngumu, watu hulala ikawapita.

Makohozi

Atapimwa tena mwisho wa mwezi wa pili, na tena mwezi wa tano na mwisho wa matibabu. Mara ya kwanza kabisa, aghlabu hutumika mashine ya GeneXpert, inayotoa jibu kwa saa mbili hivi na kuonyesha kama rifampisini itafanya kazi. Vipimo vya kufuatilia vinarudi kwenye hadubini, kwa sababu mashine ile huona hata vijidudu vilivyokwisha kufa na itamtia mtu khofu bure.

Wengi hupeleka mate. Mate hayasemi kitu. Asubuhi kabla ya kula asukutue kwa maji, atoke nje mahali pa upepo peke yake, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka chini ya kifua. Yawe mazito, kiasi cha kijiko kidogo. Kikopo kifungwe barabara na kipelekwe asubuhi hiyo. Na msikae nyumbani kusubiri majibu yaletwe. Yafuate wewe.

Maneno ya watu, kombe na mafusho

Watasema katupiwa. Watasema ana ule ugonjwa mwengine. Mke ataambiwa arudi kwao. Usiingie katika mabishano ya barazani. Mfuate sheha au imamu wa msikiti, umweleze kwa utaratibu, na umwombe aseme neno siku watu wamekusanyika, bila kumtaja mgonjwa. Neno la mtu mzima anayeheshimiwa hufanya kazi ambayo karatasi zangu haziwezi.

Familia ikitaka kumsomea, isome. Kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, anywe, dua ziombwe, mimi mwenyewe huitikia amina. Ninachokizuia kwa nguvu zangu zote ni vitu viwili. Cha kwanza ni mafusho: mapafu yaliyojaa vidonda hayafai kujazwa moshi ndani ya shuka. Cha pili ni kuambiwa aache dawa za hospitali kwa siku saba ili ya mganga ifanye kazi. Mganga anayetaka hivyo ongea naye kwa adabu. Wapo waliokubali kungoja mpaka mgonjwa amalize, na wapo ambao sasa wakiona kikohozi cha wiki mbili wao wenyewe humwambia mtu apitie kituo cha afya kwanza.

Mwezi wa sita

Dozi ya mwisho isiwe mwisho wa safari ya kliniki. Apeleke makohozi ya mwisho, na muulize kilichoandikwa kwenye daftari: kama makohozi yamethibitika safi huandikwa amepona, kama hakuweza kutoa makohozi huandikwa amemaliza matibabu. Yote mawili ni mema, lakini ujue lipi. Kadi muihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Pumzi inaweza kubaki fupi kwa muda, hasa akipanda mlima au akivuta nyavu, kwa sababu mapafu yamebaki na makovu. Asivute sigara tena, na moshi wa kuni aupishe. Kikohozi cha wiki mbili kikirudi, hata baada ya mwaka, asianze na dawa ya dukani. Chukueni kadi ile mwende nayo, na mseme mapema kwamba aliwahi kutibiwa, ili wampime na usugu siku hiyo hiyo.